Vifaranga wanakamilika lakini wanafia ndani ya yai siku za mwisho, natumia inkubeta niko Malindi, shida ni nini?

Mfugaji_Muyeye
Asalaam aleikum jamani, nawasalimu nyote, naombeni mnisaidie kwa hili manake linanikosesha usingizi. Niko Malindi huku Muyeye, nafuga kuku wa kienyeji na wachache wa kuchi ambao mbegu yao ilitoka Lamu. Nina inkubeta ya mayai 56, hizi za plastiki zenye feni na inageuza mayai yenyewe, joto nimeweka 37.7 na halichezi chezi.

Sasa kinachonishinda ni mwisho. Siku ya 7 nikimulika na tochi naona mishipa imetanda vizuri, mayai yasiyo na kitu ni machache nayatoa, siku ya 14 yamejaa giza, siku ya 18 unaona kabisa kitu kinasukuma kule ndani. Halafu ikifika 21 wanatoka wachache tu, wengine wanadonoa kitundu kimoja wanalia usiku mzima ukiamka alfajiri kimya, na wengine hawadonoi kabisa. Na hata hao wanaotoka si wale vifaranga wakavu wepesi anaotoa mtetea, ni wazito, wamelowa, tumbo limejaa, manyoya yamegandana na ute.

Nafuata kijitabu kilichokuja na mashine, kinasema mifereji yote miwili ya maji ijae tangu siku ya kwanza na unyevu usipungue 60, basi mimi najaza, kisomeo kinaonyesha 65 mpaka 70 wakati wote na siku tatu za mwisho kinapita 80. Mayai ni ya hapa hapa nyumbani, nayapanga kwenye trei jikoni mpaka yatimie ndio nawasha, inaweza kuchukua wiki na kitu. Stima ikipotea nafunika na blanketi.

Mitetea wangu wanalalia vizuri tu lakini mtetea akishalalia na kulea utakaa sana hujaona yai lake, na hawa wa kuchi ndio hawatagi sana kabisa, kwa hivyo mashine naihitaji. Nani wa huku pwani anaangua na mashine na anafaulu, anieleze anafanyaje?

Mama_Vifaranga
Pole sana ndugu yangu, inauma kuwasikia wakilia halafu wananyamaza. Mi naona uanze na stima, huku Barani ikipotea inaweza kukaa saa tatu nne na blanketi peke yake sidhani kama inatosha. Tafuta betri.

Kuku_Nyahururu
Ongeza maji. Mimi niko Nyahururu naangua kienyeji na Kuroiler, na nikilegea kidogo tu kwa maji kifaranga ananatia kwenye utando, unakauka unamfunga kama ulivyosema anadonoa kitundu kimoja anashindwa kuzunguka. Huku kwetu najaza mifereji yote na bado naweka sponji iliyolowa ndani, nikifanya hivyo wanatoka vizuri sana. Jaribu sponji mbili siku ya 18, usifungue fungue mashine.

Kuku_wa_Mokowe
Waleikum salaam ndugu yangu wa Muyeye. Usiongeze hata tone, na hizo sponji usiweke. Kaka wa Nyahururu simkatai, anasema kweli tena kweli tupu lakini ni kweli ya Nyahururu, na hii ndiyo shida kubwa ya sisi watu wa pwani, karibu kila ushauri wa inkubeta unaousikia na kila kijitabu kimeandikwa na mtu ambaye hewa yake si hewa yetu.

Angalia. Mashine yako haitengenezi hewa, inavuta hewa ya chumba chako inaipasha moto. Hewa ikipashwa moto unyevu wake kwa asilimia unashuka, manake hewa moto ina nafasi ya kubeba maji mengi zaidi. Sasa tuseme chumbani kwako Malindi ni nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, ambayo ni siku ya kawaida tu kwetu, hewa hiyo ikiingia ndani ya mashine ikafika 37.5 unyevu unakuwa kama 49 hivi. Bila maji yoyote! Na siku 18 za mwanzo yai la kuku linataka 45 mpaka 55. Yaani hewa ya bahari imeshakufanyia kazi. Njoo Nyahururu sasa, chumba nyuzi 18 unyevu 60, hewa hiyo ikipashwa mpaka 37.5 inabaki na unyevu chini ya 20, huyo asipojaza maji mayai yatakauka kweli kweli. Mashine ni moja, kijitabu ni kimoja, lakini yeye akijaza mifereji anafika pazuri na wewe ukijaza unazamisha vifaranga. Na nasema kuzamisha kwa maana yake hasa.

Manake yai lazima lipoteze maji. Watu wengi wanafikiri unyevu ni kitu kizuri tu kadiri unavyozidi ndio bora, la. Kaka la yai lina vitundu vidogo visivyoonekana, maji yanatoka kidogo kidogo siku zote, na kule upande mnene wa yai kile chumba cha hewa kinakua. Siku moja hivi kabla ya kuanguliwa kifaranga anatoboa kwanza ule utando wa ndani anaingiza mdomo kwenye chumba cha hewa, hapo ndipo anapoanza kupumua kwa mapafu yake mara ya kwanza, bado hajagusa kaka. Kama chumba ni kidogo hewa haimtoshi, na kama yai halijapoteza maji basi amevimba hana nafasi ya kugeuka na ule majimaji umemjaa puani. Huyo ndiye wako anayelia usiku asubuhi kimya, na wale wasiodonoa kabisa ni walewale hawakufika hata hapo.

Mimi huku Mokowe ninavyofanya, siku ya 1 mpaka 18 mashine kavu. Nikiona kipimo kimeshuka chini ya 40, na hiyo ni wakati wa kaskazi pengine mwezi wa pili upepo mkavu, naweka maji mfereji mmoja tu tena nusu. Masika mwezi wa tano hewa imejaa maji siweki kabisa. Siku ya 18 nasimamisha kugeuza, nalaza mayai, hapo ndio najaza maji mifereji yote iende 65 mpaka 70, na vitundu vya hewa nafungua vyote kwa sababu kifaranga anayekaribia kutoka anavuta hewa nyingi. Watu wanaviziba ati unyevu usitoke, jamani wanawanyima pumzi.

Lakini hata hizi namba zangu usizishike sana kuliko yai lenyewe. Chukua penseli, siku ya 7 ukimulika chora mstari kwenye kaka pale chumba cha hewa kinapoishia, siku ya 14 chora tena, siku ya 18 tena. Siku ya 18 chumba kiwe kama thuluthi ya yai. Kikiwa kidogo, umeweka maji mengi kwenye mashine. Kikiwa kikubwa kupita hapo, ongeza maji.

Kuku_Nyahururu
Kaka wa Mokowe asante sana, hilo la hewa kupashwa moto sikuwahi kuliwaza hivyo, mimi nimekuwa nikiwaambia hata wateja wangu wa Kilifi wajaze maji kama mimi. Nitawapigia. Swali, kwa mtu ambaye macho hayamsaidii kuona huo mstari vizuri, kwa mfano mayai ya kahawia yaliyokoza, kuna njia nyingine?

Kuku_wa_Mokowe
Iko, mizani. Ile ndogo ya jikoni ya kupimia unga inatosha. Yai linatakiwa kupoteza asilimia 11 mpaka 13 ya uzito wake kutoka siku unayoliweka mpaka siku ya 18. Usipime moja moja utachoka, pima trei nzima kwa pamoja, toa uzito wa trei yenyewe. Mfano mayai 30 ya gramu 55 ni gramu 1650. Siku ya 7 yawe yameshuka kama gramu 75 hivi, yaani karibu 1575, na siku ya 18 yawe kwenye 1450. Yakishuka polepole kuliko hapo punguza unyevu, yakishuka haraka ongeza. Siku ya 7 ukitoa yale yasiyo na mbegu hesabu inabadilika kwa hivyo andika upya uzito wa yaliyobaki. Hii njia haidanganyi iwe Lamu iwe Nyahururu, na haikuulizi kijitabu kimesema nini.

Fundi_Gongoni
Nimesoma hapa nikaona mmeacha jambo moja kubwa, hizo namba mnazosema 65, 70, 37.7 mnasoma wapi? Kwenye kile kisomeo cha mashine? Mimi natengeneza hizi mashine huku Gongoni, zinakuja kwangu zimeharibika, na visomeo vyake vingine vinakosea kwa nyuzi nzima. Kwa chumba cha mtu nyuzi moja si kitu lakini kwa yai la kuku ni kitu kikubwa sana, mashine yenye feni inataka 37.5, ukikaa 38.5 siku zote wanatoka mapema siku ya 19 au 20 na kitovu hakijafunga, ukikaa 36.5 wanachelewa mpaka 22, 23 na ni dhaifu.

Kwa joto tumia kipimajoto cha homa kile cha dijitali cha duka la dawa, kimetengenezwa kwa ajili ya nyuzi hizi hizi 37 na 38 kwa hivyo kinasoma sawa kuliko kisomeo cha bei rahisi. Kiweke usawa wa mayai kiguse katikati ya trei, linganisha. Kama mashine haina feni kabisa, hiyo ni hesabu nyingine, pima juu ya yai na iwe kama 38.5 kwa sababu joto linapanda juu na chini kunabaki baridi.

Kwa unyevu tumia chumvi. Sisi huku chumvi ndiyo kazi yetu lakini kwa hili usitumie ile ya mawe ya shambani ina vitu vingine ndani, tumia ile laini ya mezani. Weka kwenye kifuniko cha soda, tia matone ya maji mpaka iwe kama mchanga wa ufuoni maji yakishatoka, isiwe uji. Weka kifuniko hicho na kipima unyevu ndani ya mkebe unaofunga barabara au mfuko wa plastiki, visigusane, ufunge uache tangu jioni mpaka asubuhi. Hewa ya ndani itasimama kwenye asilimia 75, hiyo ni tabia ya chumvi haibadiliki. Asubuhi kikisoma 68 basi ujue kinapunguza saba, kikisoma 80 kinazidisha tano, andika kwa kalamu ubavuni mwa kipimo.

Na lingine. Mashine umeiweka wapi? Nauliza kwa sababu nimeenda nyumba nyingi nimekuta inkubeta iko chini ya mabati bila dari. Hizi mashine zinajua kupasha tu hazijui kupoza. Saa nane mchana mwezi wa tatu chini ya bati chumba kinaweza kufika 36 na zaidi, feni na mayai yenyewe yanaongeza joto, ya siku ya 15 kwenda mbele yana joto lake yenyewe, ndani kunapanda 39, 40 na mashine imeshazima hita yake haina la kufanya. Kifaranga ndani ya yai anavumilia baridi ya muda kuliko joto la kupita kiasi. Nyuzi 40 na nusu kwa saa chache wanakufa. Nyumba ya makuti ni nzuri sana kwa hii kazi, au chumba cha ndani chenye ukuta mnene usiopigwa na jua la magharibi.

Kuhusu stima Mama Vifaranga amesema kweli. Angalia nyuma ya mashine, nyingi za ukubwa huu zina tundu la waya wa betri ya volti 12. Kama inakula wati 80 ikiwaka na inawaka nusu ya muda ni sawa na wati 40, basi betri ya ampea 100 ukiitumia nusu tu isiharibike inakupa kama saa 15. Ukishindwa betri, chupa za maji moto zilizofungwa kitambaa uziweke kando ndani ya mashine zisiguse mayai, na blanketi juu, lakini siku za mwisho usizibe vitundu na hilo blanketi.

Mfugaji_Muyeye
Jamani Mola awalipe, sikutegemea majibu kama haya. Iko chumba cha nyuma, bati juu lakini kuna dari ya mbao, mchana si baridi lakini si tanuri. Nimefanya ya chumvi jana usiku, kipimo cha mashine kilisoma 70, kwa hivyo ile 65 yangu ilikuwa 70 kamili, na zile 70 zilikuwa 75! Ya joto nimelinganisha na kipimajoto cha homa, iko sawa, imetofautiana kidogo mno.

Na yale mayai yaliyobaki nilikuwa sijayatupa nikayavunja nje nikatazame. Mengi ndani kifaranga kamili, manyoya yote, kucha, kila kitu. Chumba cha hewa kidogo sana kama sarafu tu pale juu. Ukipasua utando majimaji yanamwagika, na shingo zao nyuma zimevimba zimekuwa laini laini. Wachache kiini bado kiko nje ya tumbo hakijaingia. Na mawili matatu nilikuta damu imefanya duara ndani hakuna kifaranga, hayo nadhani yalikufa zamani. Mnasemaje?

Kuku_wa_Mokowe
Umefanya kazi nzuri ya kuyavunja, wengi wanatupa shimoni wanaondoka na huzuni tu bila jibu. Chumba kidogo, majimaji, shingo imevimba, hiyo ni maji mengi siku 18 za mwanzo, sasa sina shaka hata kidogo. Angekuwa amekufa kwa ukavu ungemkuta ameng'ang'anwa na utando mkavu mgumu rangi ya karatasi ya kaki, na chumba kikubwa. Wale ambao kiini hakijaingia walikufa kabla ya wakati wao, pengine siku stima ilipopotea au pengine ni unyevu huohuo.

Duara la damu ni kitu kingine kabisa, hilo ni kifo cha siku za mwanzo, mara nyingi siku ya 2 mpaka ya 5, na hapo nataka uangalie jikoni kwako. Ngoja Bi wa Langoni akiingia atakueleza, ndiye aliyenifundisha mimi.

Bi_wa_Langoni
Mwanangu salama. Nimeona umesema mayai unayaweka jikoni wiki na zaidi ukingoja yatimie. Jikoni ndipo penye moto, tena Malindi. Yai lenye mbegu likipata joto la kupita nyuzi 20 au 21 mbegu inaanza kuamka, siyo kwa nguvu ya kulaliwa lakini inaamka, halafu usiku pakipoa inalegea, kesho tena ukiwasha jiko inaamka, siku nane tisa za hivyo mbegu imechoka kabla hujawasha mashine. Vitabu vinasema hifadhi kwa nyuzi 12 mpaka 18 nawe utakaa wiki nzima bila wasiwasi, lakini sisi huku nani ana chumba cha nyuzi 15? Friji nayo ni nyuzi 4, baridi mno. Kwa hivyo dawa ya pwani ni kutokuweka. Usingoje 56. Mimi siku ya nne naweka niliyonayo hata yakiwa ishirini, mashine haijali ikiwa nusu. Na hizo siku nne yakae chini sakafuni chumba cha kulala upande usiopigwa na jua, upande uliochongoka ukitazama chini, usiyaoshe, lenye kinyesi kingi lile omeleti.

La pili kuhusu kuchi wako. Hao kuchi tunawapenda, jimbi la kuchi likisimama uani limenyoosha shingo hata mpita njia anasimama, na bei yake unaijua. Lakini kwa sababu ni ghali watu wananunua jimbi moja na mitetea wawili wa nyumba moja, halafu wanazaliana wenyewe kwa wenyewe, baba na binti, kaka na dada. Mayai yatakuwa na mbegu, vifaranga wataumbika, lakini wengi watafia ndani siku za mwisho na wengine miguu itapinda. Kwa hivyo andika kwa penseli juu ya kila yai la kuchi, na lile la kienyeji, uone wanaokufa ni wa nani. Ikiwa wa kienyeji wanatoka na wa kuchi hawatoki baada ya kurekebisha maji, badilisha jimbi, tafuta la nyumba nyingine.

Na ukiletewa mayai ya kuchi kutoka Lamu, yamepanda mashua mpaka Mokowe halafu njia yote ya gari mpaka Malindi, usiyaingize kwenye mashine siku hiyo hiyo. Yapumzishe usiku mmoja yamesimama ncha chini, kile chumba cha hewa kimetikiswa kinaogelea kinahitaji kutulia. Na chakula cha mitetea ukiangalie pia, wanaotagia mbegu wapewe dagaa na majani mabichi, si mahindi peke yake, yai la kuku aliyekula mahindi matupu kifaranga wake anaishiwa nguvu njiani.

Mama_Vifaranga
Bi shikamoo, hilo la nyuzi 20 mimi limenishtua, mayai yangu yote huwa juu ya kabati la jikoni. Yanahama leo.

Bi_wa_Langoni
Marahaba mwanangu. Yahamishe.

Mfugaji_Muyeye
Shikamoo Bi, shukran sana. Nimeshayatoa jikoni. Kuchi wangu ni kweli jimbi na mitetea wametoka uani kwa mtu mmoja, sijui kama ni ndugu, nitauliza, na nitaandika kwenye mayai kama ulivyosema. Leo jioni nawasha mashine na mayai ya siku nne tu, mifereji mikavu, nimepima uzito nimeandika ukutani.

Nina la mwisho. Yule anayedonoa kitundu akakwama, nimsaidie au nimwache? Majirani mmoja anasema pasua umtoe, mwingine anasema ukimsaidia atakufa. Mimi nikimsikia analia siwezi kukaa. Na wale waliotangulia kutoka niwatoe wakati wenzao bado?

Kuku_wa_Mokowe
Hapo pagumu, nakujua moyo wako unavyokwenda. Tangu kitundu cha kwanza mpaka kutoka ni saa 12 mpaka 24, na nyingi za saa hizo hafanyi kitu unachokiona, amelala, anavuta kile kiini kilichobaki kiingie tumboni na damu iliyoko kwenye utando irudi mwilini. Ukimpasua katika saa hizo utaona damu mbichi inachuruzika kwenye utando na hapo umemuua kwa huruma. Kulia si kuomba msaada, wanaitana, mmoja akilia wengine kwenye mayai wanasikia nao wanaanza. Mwache.

Na kila ukifungua kifuniko unyevu wote unatoka dakika hiyo hiyo, utando wa yule aliyetoboa unakauka unambana, kwa hivyo unafungua umsaidie mmoja unawafunga watano. Kama zimepita saa 24 kamili tangu kitundu na hajaanza kuzunguka, hapo unaweza kumjaribu. Osha mikono, maji ya uvuguvugu, lowanisha utando kwa pamba, bandua kaka kidogo tu pale kwenye kitundu. Ukiona mishipa yenye damu simama, mrudishe, ngoja saa nne tano. Ukiona utando mweupe hauna damu endelea kuzungusha kidogo kidogo upande ule mnene, halafu miguu aitoe mwenyewe, usimvute.

Waliotangulia waache humo humo wakauke. Wana kiini tumboni kinawatosha siku mbili mpaka tatu bila kula wala kunywa, ndio maana vifaranga wa siku moja wanasafirishwa mbali kwa basi na wanafika wazima. Ngoja wengi watoke, ufungue mara moja, uwatoe wote waliokauka kwa mkupuo, ufunge haraka.

Bi_wa_Langoni
Naongezea hapo. Kabla hujawatoa, pale watakapokaa pawe pameshapata moto tangu jana yake, nyuzi 35 wiki ya kwanza halafu unapunguza tatu kila wiki. Msidanganyike ati pwani ni joto, upepo wa kusi usiku unaua vifaranga. Wakijazana chini ya taa, hiyo ni baridi, wakikimbilia pembeni wanahema, hilo ni joto, wakitawanyika wanakula ndio sawa. Maji kwanza, waguse mdomo mmoja mmoja, chakula baada ya saa moja mbili. Na wiki ya kwanza ikiisha wapate chanjo ya kideri, agroveti wanayo ya kutia jichoni, ibebe na barafu kwenye chupa ya chai isipate joto njiani. Sinia au sahani ya maji iwe na mawe madogo ndani wasizame.

Mfugaji_Muyeye
Nimeandika yote Bi. Barafu naipata kwa wavuvi hapa karibu. Siku ya 7 nikimulika na kupima uzito nitaleta namba hapa mniambie kama chumba cha hewa kinaenda sawa.

Kuku_wa_Mokowe
Leta. Na andika pia hali ya hewa ya hizo siku, kama kulinyesha, manake wiki ya mvua na wiki kavu chumba hakikui sawa.